UZI: Maryland, jimbo dogo la Marekani lililotoa Harriet Tubman, Frederick Douglass na muuaji wa Lincoln

Mpiga Kasia:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikija mada ya historia ya Weusi wa Marekani humu ndani tunakimbilia Mississippi na Alabama, kwenye mashamba ya pamba. Leo naomba tukae Maryland. Ni jimbo dogo, mkoa wa Tabora unalimeza mara mbili na chenji inabaki. Lakini angalia waliotoka hapo: Benjamin Banneker, Frederick Douglass, Harriet Tubman, Matthew Henson, Thurgood Marshall. Na hapohapo akatoka Jaji Roger Taney, aliyeandika hukumu ambayo Wamarekani wenyewe wanaionea aibu mpaka leo, na John Wilkes Booth, aliyempiga risasi Abraham Lincoln.

Kwa nini wote hao wabanane kwenye kajimbo kamoja? Jibu langu liko kwenye sensa ya 1860. Mwaka ule Maryland ilikuwa na watumwa 87,189 na Weusi huru 83,942. Karibu nusu kwa nusu, na hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa na Weusi huru wengi kiasi hicho. Kusini zaidi mtumwa angeweza kuzeeka bila kuzoeana na Mweusi anayelipwa mshahara. Maryland mtumwa alikuwa analala naye kitanda kimoja. Baba huru, mama mtumwa, watoto wanafuata hali ya mama. Mke mtumwa, mume huru. Na ukienda kaskazini unavuka mpaka wa Pennsylvania, ambako utumwa ulikuwa umeshaanza kufutwa tangu 1780.

Mtu anayeuona uhuru kila siku kwa jirani yake, ukimwambia Mungu ndiye alimpangia minyororo hakuelewi. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaipitisha kwa hawa watu mmoja mmoja. Naanza na Harriet.

Sindano Butu:

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

Mpiga Kasia:

Harriet alizaliwa kaunti ya Dorchester mnamo 1822 hivi, jina lake Araminta Ross, nyumbani wakimwita Minty. Dorchester iko mashariki mwa ghuba ya Chesapeake: kinamasi, mito inayopanda na kushuka na maji ya bahari, misitu ya mbao. Akiwa mtoto alikodishwa kwa watu, akawa anatumwa kwenye maji baridi kukagua mitego ya panya wa kinamasi hata akiwa anaumwa surua. Alipokuwa msichana, dukani Bucktown, mnyapara alimrushia mtumwa aliyekuwa anakimbia jiwe la mizani la ratili mbili, likampata Harriet kichwani. Tangu siku ile hadi kufa kwake alikuwa anapitiwa na usingizi wa ghafla katikati ya mazungumzo.

Sasa tazameni familia. Baba yake, Ben Ross, fundi wa kukata na kupima mbao, alipata uhuru 1840 kwa wosia wa bwana wake. Mama yake, Rit, naye alitajwa kwenye wosia wa zamani kwamba akifika miaka 45 asiendelee kutumikishwa. Wakakaa kimya, wakaendelea kumtumikisha. Harriet akachanga pesa zake, akamlipa wakili dola 5 afukue wosia ule. Wakili akaukuta. Yaani mwanamke asiyejua kusoma ameshapata uhakika kwamba mama yake anashikiliwa kinyume hata cha sheria ya wenye watumwa wenyewe! Mumewe, John Tubman, alikuwa huru. Kwenye nyumba hiyo mtumwa ni yeye.

Machi 1849 bwana wake, Edward Brodess, akafa akiwa na madeni. Mjane akitaka kulipa madeni anauza watu. Vuli ile Harriet akaondoka na kaka zake wawili, kaka zake wakaogopa na kumrudisha. Tangazo la gazetini la Oktoba 1849 bado lipo: wanatafutwa watatu, Minty, Harry na Ben, dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo. Baadaye akaondoka tena, safari hii peke yake, akafika Philadelphia.

Kurudi kuwachukua wengine ndiko kulikompa jina, na kisa kimoja nitakisimulia chote maana hakielezwi sana. Desemba 1854 akasikia kwamba kaka zake watatu watauzwa baada ya Krismasi. Akaandikisha barua kwenda kwa Jacob Jackson, Mweusi huru wa Dorchester aliyejua kusoma. Barua imejaa salamu za kilokole, lakini katikati kuna maneno kwamba ndugu wakeshe katika maombi, na merikebu njema ya Sayuni ikipita wawe tayari kupanda. Wakaguzi wa posta wakaisoma kabla yake, hawakuambulia kitu. Jackson naye akaitazama, akasema haimhusu, haelewi kichwa wala miguu. Kisha akaenda kuwaambia vijana wajiandae.

Walikutana usiku wa Krismasi karibu na kibanda cha wazazi, Poplar Neck, kaunti ya Caroline, wakajificha kwenye ghala la mahindi. Mama hakuambiwa. Alikuwa amepika akiwasubiri wanawe waje kula sikukuu, na walijua akiwaona atapiga kelele. Wakawa wanamchungulia kwenye nyufa za mbao akitoka mlangoni kutazama njia. Baba ndiye aliyepewa habari. Akaleta chakula, ila alijifunga kitambaa machoni kabla ya kufika ghalani. Walipoanza safari aliwasindikiza kipande cha njia vilevile, macho yamefungwa, ameshikwa mkono huku na huku. Waliokuja kuuliza wakamkuta na jibu safi: wanangu sijawaona.

Huyo baba alikuwa mtu huru. Angekamatwa anawasaidia, uhuru wake ungeishia gerezani.

Mwalimu Mstaafu:

Mkuu, andiko zuri, lakini umesahau jambo kubwa. Huyu mama alitoa watu 300 kwa safari 19, na kichwa chake kiliwekewa dola 40,000. Iko kwenye vitabu.

Mpiga Kasia:

Mwalimu, shikamoo. Iko kwenye vitabu kweli, ila hesabu hiyo ilitokana na wasifu ulioandikwa na Sarah Bradford, rafiki yake, ambaye alikuwa anatafuta fedha za kumsaidia Harriet na aliongeza chumvi. Watafiti waliofuatilia majina mtu mmoja mmoja wamepata safari 13 hivi na watu wapatao 70, na wengine karibu idadi hiyo aliwaelekeza njia wakaenda wenyewe. Ile zawadi ya dola 40,000 haina ushahidi. Tangazo tulilonalo ni lile la mjane Brodess.

Na mimi 70 naiona kubwa kuliko 300, maana hao 70 wana majina na wana wazazi. Akitaka mtu namba kubwa, aende South Carolina tarehe 2 Juni 1863: kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Harriet akiwa na jeshi la Kaskazini waliingia mto Combahee kwa boti za kivita, wakatoka na watumwa zaidi ya 700 kwa usiku mmoja. Serikali ikaja kumlipa pensheni ya dola 20 kwa mwezi mnamo 1899, ameshazeeka.

Jogoo la Shamba:

Swali la mgeni: hao Weusi huru si walikuwa wanakula maisha? Kwa nini wahangaike na watumwa?

Mpiga Kasia:

Maisha gani mkuu. Bila karatasi ya uhuru mfukoni unakamatwa. Na karatasi nayo haikuwa kinga: miaka ya 1820 kwenye mpaka wa Maryland na Delaware kulikuwa na genge la mwanamke aitwaye Patty Cannon, kazi yao kuteka Weusi huru, kuwafungia darini na kuwauza Kusini. Alikamatwa 1829, akafia mahabusu. Uhuru wa Maryland ulikuwa wa kulala jicho moja wazi.

Tuje kwa Douglass. Vuka mto Choptank kutoka Dorchester, uko Talbot. Ndiko alikozaliwa Februari 1818, miaka michache tu kabla ya Harriet, akiitwa Frederick Bailey. Tarehe hakuijua, akajichagulia ya 14. Alilelewa na bibi yake, Betsey. Mama yake alikuwa shamba la mbali. Habari za kujifunza kusoma mnazijua: mama mwenye nyumba Baltimore, Sophia Auld, alianza kumfundisha a-be-che, mumewe Hugh akapiga marufuku kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Kijana akaelewa kwamba basi hapo ndipo penye mlango.

Mimi napenda zaidi miaka yake ya bandarini. Douglass alikuwa fundi wa kalafati, Fells Point, Baltimore. Kazi ileile inayofanywa na mafundi wa majahazi kwetu, kuziba nyufa za mbao ili chombo kisiingize maji. Alikuwa anapata dola moja na nusu kwa siku. Jumamosi jioni anachukua pesa yote anampelekea Hugh Auld, anazihesabu, kisha anamuuliza usoni: ndiyo hizi tu? Akipeleka dola 6, Auld anamrudishia senti 6 za kumtia moyo. Douglass aliandika kwamba zile senti 6 ndizo zilizomchoma, kwa sababu mwizi alikuwa anakiri. Mtu anayempa mwenzake kipande cha mshahara anajua mshahara ni wa nani.

Na wanaofanya naye kazi pale gatini wengi ni Weusi huru. Wao Jumamosi wanakwenda na pesa zao nyumbani.

Aliyemtorosha ni nani? Anna Murray, mfanyakazi wa ndani, Mweusi huru kutoka kaunti ya Caroline. Akatoa akiba yake. Baharia mmoja huru akamwazimisha karatasi zake zenye mhuri wa ndege tai. Tarehe 3 Septemba 1838 Douglass akapanda treni amevaa kibaharia, shati jekundu na tai ya kufunga kibaharia. Maelezo ya sura kwenye karatasi hayakufanana naye kabisa, mwenye karatasi alikuwa mweusi zaidi. Kondakta akauliza karatasi za uhuru. Douglass akajibu kwamba baharini hatembei nazo, ila anayo hii. Yule akamwona ndege tai kwenye mhuri, akatosheka, akapita. Hata saa 24 hazikutimia, kijana yuko New York. Anna akamfuata wakafunga ndoa.

Kitabu chake cha 1845 kilimpa umaarufu mkubwa, lakini njia aliyotorokea hakuitaja. Aliificha mpaka utumwa ulipokwisha, ili wengine waendelee kuitumia na yule baharia asiumie. Kulikuwa na wenzake waliojisifu hadharani jinsi walivyotoroka, naye aliwalaumu waziwazi kwamba wanawafundisha mabwana.

Mwaka 1868 Harriet alipomwomba maneno ya kumtambulisha, Douglass alimjibu kwa barua ya unyenyekevu: kazi yangu, akasema, nimeifanya mchana na watu wananishangilia kila hatua; yako umeifanya usiku, mashahidi ni nyota. Sijaona mwanasiasa wa leo anayeweza kuandika vile kuhusu mwenzake.

Sindano Butu:

Hapo kwenye senti sita nimekaa kimya kidogo. Kuna kampuni zinatoa bonasi za hivyo.

Binti Mgao:

😂 Sindano usituchafulie uzi. Mpiga Kasia, umemtaja Banneker juu halafu umemruka. Si ndiye aliyechora ramani ya Washington kwa kumbukumbu baada ya yule Mfaransa kuondoka na michoro?

Mpiga Kasia:

Binti Mgao, hiyo nayo ni hadithi tamu isiyo na mashiko. Banneker alishiriki kupima mipaka ya eneo la mji mkuu akiwa na Andrew Ellicott, miezi ya mwanzo ya 1791, kisha akarudi shambani kwake. Mchoro wa L'Enfant, huyo Mfaransa, haukumhusu.

Alichofanya kweli kinatosha. Alizaliwa 1731, Mweusi huru, mkulima wa kaunti ya Baltimore. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini aliazima saa ya mfukoni, akaichunguza, akachonga saa kubwa ya mbao, meno yote kwa kisu, ikapiga saa miaka mingi. Uzeeni akaazima vitabu na darubini kwa jirani, akajifundisha hesabu za nyota, akatoa almanaka kuanzia ile ya 1792 hadi ya 1797. Agosti 1791 akamtumia Thomas Jefferson nakala ya mkono pamoja na barua inayomsuta: wewe uliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, mbona unawashikilia ndugu zangu? Jefferson akajibu kwa adabu baada ya siku chache. Lakini 1809, Banneker ameshafariki, akamwandikia rafiki yake akimbeza kwamba akili yake ilikuwa ya kawaida tu. Ndiyo hivyo, aliyekufa hajibu barua.

Sasa hawa wa upande mwingine. Francis Scott Key, mtunzi wa maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani baada ya mapigano ya Fort McHenry, Baltimore, Septemba 1814, alikuwa mwenyeji wa Maryland na alimiliki watumwa. Ndiye aliyepewa jina lile daraja lililogongwa na meli Machi 2024. Dada yake, Anne, aliolewa na Roger Taney wa kaunti ya Calvert.

Taney ananisumbua kuliko Booth. Booth alikuwa mwigizaji mwenye chuki, mzaliwa wa kaunti ya Harford, kwisha habari. Taney alikuwa msomi, na akiwa kijana aliwaachia huru watumwa wake mwenyewe. Kisha 1857, akiwa Jaji Mkuu wa Marekani, akaandika hukumu ya Dred Scott: Mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia, na hana haki ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Someni tena, awe mtumwa au huru. Mtu wa Mississippi angeandika hivyo kwa kutojua. Taney alitoka kwenye jimbo lenye Weusi huru zaidi ya elfu themanini, wenye mashamba, makanisa na shule. Aliwajua. Yeye mwenyewe alikuwa amewazidisha idadi yao. Hukumu ile iliandikwa kuwafuta.

Tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaachia watumwa huru halikuwagusa watumwa wa Maryland kwa kuwa jimbo halikuasi. Walikombolewa na katiba mpya ya jimbo iliyopigiwa kura tarehe 12 na 13 Oktoba 1864. Ilipita kwa tofauti ya kura 375, na zilizoiokoa ni kura za askari waliokuwa vitani. Taney alikufa tarehe 12 hiyohiyo.

Mkikuyu wa Pwani:

Sisi Wakenya tumekaa tu tunasubiri ufike kwa Marshall. Huyo ni wetu nusu.

Mpiga Kasia:

Nafika jirani. Thurgood Marshall, Baltimore, 1908. Alipenda kusimulia kwamba mmoja wa mababu zake aliletwa kutoka Kongo, na kwamba shuleni akikosea alipelekwa chumba cha chini asome katiba mpaka aikariri. Chuo cha sheria cha jimbo lake kilikuwa hakipokei Weusi, hivyo akasomea chuo kikuu cha Howard, Washington, chini ya Charles Hamilton Houston, akamaliza 1933. Miaka miwili tu baadaye akarudi Baltimore na Houston kukishtaki kile chuo kwa niaba ya Donald Murray, Mweusi aliyekataliwa kuingia. Wakashinda, Murray akaingia darasani. Hiyo kesi naiona ndiyo mbegu ya kila kitu, hadi hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954 iliyovunja ubaguzi mashuleni. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetea kesi 32, akashinda 29.

Mkikuyu, endelea wewe na 1960.

Mkikuyu wa Pwani:

Asante. Tom Mboya ndiye aliyemwalika awe mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, Januari 1960. Kwanza akapitia Nairobi. Wakoloni walimzuia kuhutubia watu Kiambu, akaomba angalau awasalimie, na inasimuliwa kwamba alipaza sauti neno moja tu, "Uhuru!", umati ukalipuka.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kupiga makelele. Alitengenezea katiba yetu rasimu ya sura ya haki, na cha ajabu ni kwamba alikazania sana ulinzi wa walio wachache, maanake Wazungu na Wahindi, mpaka fidia ya mali ikichukuliwa na serikali. Wapo waliouliza mbona Mweusi wa Amerika anakuja kulinda mashamba ya masetla. Yeye aliona kwamba sheria inayomlinda mchache leo ndiyo aliyoitafuta kwao maisha yake yote. Mimi binafsi kwenye ardhi sikubaliani naye hadi leo.

Mpiga Kasia:

Nakuelewa. Ila ukitoka kwenye jimbo ambalo uhuru wa nusu ya watu weusi ulitegemea karatasi, karatasi unaipa uzito mkubwa.

Mwaka 1967 akawa Mweusi wa kwanza kwenye Mahakama ya Juu, kwenye mahakama ileile ya Taney. Mbele ya bunge la jimbo huko Annapolis, Taney alikuwa na sanamu tangu 1872. Marshall akawekewa yake upande wa pili 1996. Wakakaa hivyo miaka 21, hadi Agosti 2017 sanamu ya Taney ilipoondolewa usiku.

Jogoo la Shamba:

Na Henson? Huyo wa barafuni.

Mpiga Kasia:

Matthew Henson, kaunti ya Charles, 1866, kaunti ileile ambako Booth alitibiwa mguu akiwa mafichoni mwaka mmoja kabla. Aliingia melini akiwa mtoto, baadaye akawa muuzaji kwenye duka la kofia Washington, ndipo Robert Peary akamkuta 1887. Wakasafiri pamoja zaidi ya miaka 20. Henson ndiye aliyejua lugha ya Wainuiti, kutengeneza sleji na kuongoza mbwa. Tarehe 6 Aprili 1909 wakasema wamefika Ncha ya Kaskazini, wawili hao na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Kama walifika hasa kwenye nukta yenyewe au walikosea kwa maili kadhaa, wataalamu bado wanabishana. Nishani zilienda kwa Peary. Henson akapewa ukarani forodhani New York. Mwaka 1988 ndipo mwili wake ulipohamishiwa makaburi ya Arlington.

Kijakazi wa Silver Spring:

Nimesoma wote kimyakimya, mimi naishi huku. Wenye ndugu Maryland wakija kutembea: kituo cha kumbukumbu ya Harriet kiko Church Creek, kilifunguliwa Machi 2017, na duka la Bucktown liko mwendo mfupi kwa gari. Mjini Cambridge kuna mchoro ukutani wa Harriet akinyoosha mkono, watoto wote wanapiga picha wakiushika. Msiende Julai. Mbu wa kile kinamasi hawana huruma, na kivuli ni cha kutafuta. Novemba ni pazuri, na ndiyo majira yake, kwa sababu watu wengi aliwatoa usiku mrefu wa vuli na baridi.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba Mpiga Kasia, nilichelewa kuitikia. Kuna kitu kinaitwa ghala la Poplar Neck bado? Nikija kwa mwanangu mwakani nataka kupaona.

Kijakazi wa Silver Spring:

Mwalimu, kibanda na ghala havipo, ni mashamba na mto tu. Ila mahali Ben Ross alipoishi awali, kwenye msitu wa Blackwater, wanaakiolojia walipapata na kutangaza Aprili 2021. Ukifika niandikie inbox, nitakupeleka.